Google Ilishindwa Kesi Lakini Bado Iko Kwa Simu Yako: Hii Ndiyo Stori Yote

Chukua simu yako sai. Kama ni Android, angalia skrini ya kwanza. Kuna kale kakisanduku ka kutafuta ka Google. Nani alikaweka hapo? Si wewe. Simu ilitoka kwa boksi ikiwa nako. Na kama uko kwa iPhone usianze kutucheka, fungua Safari uandike kitu yoyote. Majibu yanatoka Google pia.

Hiyo nafasi si ya bure. Google huilipia, na bei yake ni noma. Mwaka 2021 pekee, ililipa kampuni zingine dola bilioni 26.3 ndio iwe mtambo wa kutafuta unaokuja tayari umewekwa kwa simu na brauza zao. Kwa reti ya sai hiyo ni zaidi ya shilingi trilioni 3. Bajeti nzima ya Serikali ya Kenya inacheza trilioni 4 na kitu. Hebu piga hiyo hesabu tena polepole.

Serikali ya Marekani iliangalia hizo doo ikasema hii si biashara ya kawaida, hii ni kufungia wengine mlango. Ikaenda koti. Ikashinda. Lakini Google bado iko pale pale, na Chrome bado ni yake. Sasa inakuaje mtu anashindwa kesi alafu anabaki na kila kitu? Tulia nikupe rada.

Kuwa mkubwa si makosa

Kitu ya kwanza wasee wengi hukosa kuelewa ni hii: Marekani haikukatazi kuwa mkubwa. Ukiuza kitu kali, watu wote wakahamia kwako, hiyo ni jasho lako. Sheria inayotumika ni ya kitambo sana, inaitwa Sherman Act, ya mwaka 1890. Ilitungwa wakati wa reli na mafuta ya taa. Ndio ile ilitumika kukata Standard Oil ya Rockefeller vipande 34 mwaka 1911.

Hiyo sheria inasema hivi: unaweza kuwa na ukiritimba, yaani soko lote liko mkononi mwako. Makosa yanaanza pale unatumia mbinu chafu kuhakikisha hakuna mtu mwingine atawahi kukufikia. Kwa hivyo kesi haikuwa "Google ni kubwa?" Hiyo kila mtu anajua. Ilikuwa na karibu asilimia 90 ya kutafuta kwote Marekani, na kwa simu karibu asilimia 95. Swali lilikuwa: imebaki huko juu aje?

Maziwa ya mlangoni

Chukua ploti moja hapo Pipeline, ghorofa nane, keja mia. Muuza maziwa mmoja anaenda kwa landlodi anamwambia: "Nitakukatia kitu kila mwezi. Wewe hakikisha kila asubuhi pakiti yangu iko kwa mlango wa kila tenanti." Hakuna mtu amekatazwa kununua maziwa mengine. Ukitaka ya yule mama wa kiosk ya nje, shuka ghorofa nane, nunua, panda tena.

Wangapi watashuka? Mmoja, wawili. Wengine watakunywa ile iko mlangoni, na baada ya mwaka watakuambia hiyo ndiyo tamu zaidi. Labda ni kweli ni tamu. Lakini yule mama wa nje hakupata hata nafasi ya kuonjwa.

Google ilifanya hivyo, na landlodi mkubwa akawa Apple. Mwaka 2022 Apple ilipokea dola bilioni 20 kutoka kwa Google ndio Google ikae kwa Safari. Ukienda kwa iPhone utafute kitu, tangazo likilipa, Apple inapata asilimia 36 ya hizo doo. Hiyo namba ilikuwa siri kubwa. Ilitoka kotini Novemba 2023 shahidi wa upande wa Google mwenyewe alipoitaja bila kukusudia. Samsung pia ilikuwa kwa hiyo listi, na kampuni za laini za simu Marekani, na Mozilla wenye Firefox.

Koti ilipata kwamba karibu nusu ya kutafuta kwote Marekani kulikuwa kunapitia hiyo milango iliyolipiwa.

Gurudumu linajizungusha

Sasa mbona hiyo ni mbaya kwa ushindani? Ju mtambo wa kutafuta hauboreshwi na mainjinia pekee. Unaboreshwa na sisi. Kila ukitafuta "dalili za malaria" ukabonyeza jibu la tatu badala ya la kwanza, umefundisha mtambo kitu. Watu wengi wakibonyeza, unakuwa mjanja. Ukiwa mjanja, watu wanazidi kuja. Wakija, matangazo yanalipa zaidi. Matangazo yakilipa, una doo ya kumpatia landlodi tena mwaka ujao. Gurudumu linazunguka.

Koti ilipata kwamba Google kwa siku inapokea maswali mara 9 kuliko wapinzani wake wote wakiwekwa pamoja. Kwa simu ni mara 19. Sasa wewe na startapu yako utaingilia wapi?

Kuna jamaa alijaribu. Sridhar Ramaswamy alikuwa bosi wa matangazo hapo hapo Google, anajua jikoni kunapikwaje. Akatoka, akaanzisha Neeva, mtambo wa kutafuta usio na matangazo. Alikuwa na ujuzi, jina na mkwanja wa wawekezaji. Mwaka 2023 akafunga hiyo huduma. Baadaye alienda kotini kueleza vile ilivyo ngumu kumtoa mtu kwa ile kitu imekuja na simu. Kama huyo alishindwa, yule msee wa ihabu na laptopu yake moja afanye nini?

"Lakini si Google ni kali tu?"

Hapa ndio Google ilisimamia, na si hoja ya kijinga. Walisema watu wanatuchagua ju sisi ndio wazuri, na kubadilisha ni rahisi. Mwaka 2021, kwa kesi nyingine huko Ulaya, wakili wao aliambia majaji kwamba neno linalotafutwa zaidi kwa Bing ni "Google". Wueh! Hiyo ilikuwa ngumi.

Na bosi wa Apple, Eddy Cue, aliambia koti kwamba hakuna bei Microsoft ingeweza kutaja ndio Apple iweke Bing kwa Safari. Hata jaji mwenyewe alikubali kwamba ubora wa Google ni wa juu.

Lakini kuna ushahidi mmoja ulikuwa mgumu kumeza. Kompyuta za Windows zinakuja na brauza ya Edge, na Edge inakuja na Bing. Unadhani watu wa Edge wanatumia nini? Bing ilikuwa na karibu asilimia 80 huko, Google asilimia 20. Hiyo hiyo Bing ambayo kila mtu anachekelea. Ukiiweka mlangoni, watu wengi wanakunywa.

Alafu jiulize swali la mtaa: kama wewe ni mkali hivyo na watu wangekuchagua tu, bilioni 26 unalipa za nini?

Siku ya hukumu

Kesi ilipelekwa kotini Oktoba 2020. Ikasikizwa wiki kadhaa kuanzia Septemba 2023 huko Washington. Tarehe 5 Agosti 2024, Jaji Amit Mehta akatoa uamuzi: Google ina ukiritimba, na imevunja sheria kuulinda.

Kuna kitu alisema ambacho watu wengi waliruka, na kinagusa mfuko. Alipata kwamba Google iliweza kupandisha bei ya matangazo ya maandishi bila kuogopa kupoteza wateja. Wateja wangeenda wapi? Na mwenye duka akilipa tangazo kwa bei ya juu, hiyo doo anaitafuta kwa nani? Kwako wewe unayenunua viatu. "Google ni ya bure" ni nusu ya stori.

Alafu ikaja ile sehemu ya adhabu. Serikali ilitaka damu. Novemba 2024 ikaomba koti ilazimishe Google kuuza Chrome. Wanunuzi wakaanza kupanga foleni. Mtu wa OpenAI, wenye ChatGPT, alisimama kotini akasema wao wangependa kuinunua.

Tarehe 2 Septemba 2025 Mehta akasoma adhabu. Chrome inabaki. Android inabaki. Google inaweza kuendelea kulipa Apple na wengine. Kesho yake hisa za Alphabet, kampuni mama ya Google, zikaruka juu. Soko la hisa lilisoma hukumu likaona mtu amepona.

Mbona hakukata?

Watu walimkasirikia sana huyo jaji. Lakini sababu zake zina mantiki, hata kama hukubaliani nazo.

Moja, ukizima hizo malipo ghafla, anayeumia kwanza anaweza kuwa mdogo. Firefox, mpinzani wa Chrome, inaishi kwa doo ya Google. Bosi wa fedha wa Mozilla alienda kotini kusema bila hizo pesa wataangukia pua. Fikiria: adhabu ya kuongeza ushindani inaua mshindani. Na kichekesho ni kwamba Google ingebaki na hayo mabilioni yote kwa mfuko.

Mbili, AI. Kesi ilipoanza 2020 hakukuwa na ChatGPT. Ilipofika adhabu, watu wanauliza AI maswali ambayo kitambo wangeuliza Google. Mei 2025 Eddy Cue aliambia koti kwamba mwezi wa Aprili kutafuta kwa Safari kulishuka kwa mara ya kwanza. Jaji akaona soko limeanza kujitikisa lenyewe, akaogopa kushika nyundo kubwa.

Kwa hivyo alifanya nini? Aliamua vitu viwili vya maana.

Kwanza, mikataba ya "mimi peke yangu" imekwisha. Google inaweza kulipa iwekwe kwa simu, lakini haiwezi kusema wengine wasiwekwe. Landlodi anaweza kuchukua doo ya maziwa lakini mama wa nje pia anaruhusiwa kuingia getini.

Pili, Google lazima igawie wapinzani wanaostahili sehemu ya data yake: orodha ya kurasa za intaneti ilizokusanya, na sehemu ya ile elimu imetoka kwa kubonyeza kwetu. Data ya matangazo haimo. Hii inalenga lile gurudumu tuliongea juu yake. Mpinzani asianze sifuri. Hizo masharti zinafaa kukaa miaka sita, na kuna kamati ya wataalamu ya kuchungulia kama zinafuatwa.

Microsoft ilipita hapa kitambo

Ukitaka kujua kama kesi kama hizi huleta mabadiliko, rudi mwaka 1998. Serikali hiyo hiyo ilishtaki Microsoft, wakati Windows ilikuwa kwa zaidi ya asilimia 90 ya kompyuta. Kosa: ilikuwa inabandika brauza yake, Internet Explorer, kwa kila kompyuta na kubana Netscape. Mwaka 2000 jaji akaamuru Microsoft ikatwe mara mbili. Mwaka 2001 koti ya rufaa ikafuta hiyo amri ya kukata, lakini ikakubali kwamba sheria ilivunjwa. Wakaishia kuelewana, Microsoft ikabaki nzima na masharti juu ya kichwa.

Netscape ilipona? Wapi. Ilikufa. Ukiangalia hapo unaweza kusema kesi ilikuwa kazi bure.

Lakini mwaka huo huo wa 1998, vijana wawili wa Stanford walisajili kampuni yao ndogo inaitwa Google. Wataalamu wengi wanaamini kwamba kama Microsoft haingekuwa na kesi shingoni, ingeweza kuifanyia Google kile ilifanyia Netscape. Windows ilikuwa yake, brauza ilikuwa yake. Ilikuwa na uwezo wa kufunga mlango. Ikaogopa.

Umeona vile hii kitu inafanya kazi? Kesi huwa haiwafufui wale walishakufa. Inamshika mkubwa mikono kwa muda, na kwa huo muda mtu ambaye hakuna aliyekuwa anamfikiria anapita. Aliyepita wakati huo sasa ndiye ameketi kwa kizimba.

Mlango ukifunguliwa ukiwa umechelewa

Hapa kwetu tumeona kipande cha hii sinema. M-Pesa ilianza 2007, na kwa miaka mingi ajenti wa M-Pesa hakuruhusiwa kuhudumia kampuni nyingine. Airtel ikapeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na Julai 2014 Safaricom ikaondoa hilo sharti. Mlango ukafunguliwa.

Na nini kilibadilika? Ajenti akawa huru, hiyo ni kweli. Lakini ukipita mtaani leo ukisema "nitumie doo", hakuna anayeuliza kwa nini. Miaka saba ilikuwa imetosha watu kuzoea. Sheria inaweza kufungua geti, lakini haiwezi kushika mtu mkono imtoe kwa kitu amezoea.

Ndio maana muda ni kila kitu kwa hizi kesi. Ya Google ilichukua karibu miaka mitano kutoka kushtakiwa hadi adhabu. Meta ilishtakiwa Desemba 2020 juu ya kununua Instagram mwaka 2012 kwa dola bilioni 1 na WhatsApp mwaka 2014 kwa bilioni 19. Hukumu ilikuja Novemba 2025, na Meta ikashinda. Jaji James Boasberg alisema sai kuna TikTok na YouTube zinapigania macho ya watu, kwa hivyo serikali haijaonyesha kwamba Meta ina ukiritimba leo. Leo, si 2012. Koti zinatembea kwa miguu, teknolojia imepanda nduthi.

Vita imehamia AI

Basi kwa nini kesi ya Google bado ni ya maana kwako? Kwa sababu ya sentensi moja ndani ya ile adhabu. Lile katazo la mikataba ya "mimi peke yangu" haligusi mtambo wa kutafuta na Chrome pekee. Linagusa pia Gemini, AI ya Google.

Na haikuwa hofu ya bure. Bosi mmoja wa Google alikubali kotini kwamba kuanzia Januari 2025 walikuwa wanalipa Samsung kila mwezi ndio Gemini ije ikiwa imewekwa kwa simu zake. Mchezo ni ule ule na landlodi ni yule yule, maziwa tu ndio mapya. Tofauti ni kwamba mara hii kuna jaji alishawaambia hamuwezi kufungia wengine nje, na alisema hivyo kabla watu hawajazoea. Kwa kutafuta alikuja wakati gurudumu lilikuwa limezunguka zaidi ya miaka kumi. Kwa AI amekuja watu wakiwa bado wanaonja.

Hiyo ndiyo ushindi wa kweli wa hii kesi, kama upo. Bing haitaamka kesho ikiwa namba moja, na Neeva haitarudi. Lakini msee fulani sai, labda ni Bangalore, labda ni Lagos, labda ni hapo Ngong Road, anajenga kitu. Na siku ataenda kwa kampuni ya simu kuomba nafasi, hawatamwambia "pole, tulisaini karatasi ya kukuzuia." Watamwangalia kazi yake kwanza. Hiyo nafasi ya kuonjwa ndiyo hao wasee walikosa miaka hiyo yote.

Bado si mwisho, ju kukata rufaa ni haki ya Google na hizi kesi huvuta miaka. Lakini kuna sehemu moja haihitaji jaji. Ingia Chrome, bonyeza vidoti vitatu, mipangilio, alafu mtambo wa kutafuta. Utapata listi iko hapo na imekuwa hapo siku zote. Jaribu mwingine wiki moja uone. Ukirudi Google ni sawa tu, angalau mara hii ni wewe umechagua.

Na wewe tuambie ukweli: tangu ununue hiyo simu, ushawahi kufungua hiyo listi hata siku moja?